Hakuna Fundi Atakayeingia kwa Haigis

"Miaka arobaini nimeolewa na mashine ya kuosha vyombo!" Gerlinde alipiga kelele mpaka mimi, jirani wa chini, nikapanda na kikombe changu cha kahawa mkononi. "Mume sina! Nina miguu miwili tu, imelala hapo jikoni!"

Miguu ilikuwa ya mumewe, Eugen Haigis, ndani ya soksi zenye viraka. Kichwa kilikuwa ndani ya mashine.

"Pole, Gerlinde," nikamwambia.

"Pole ya nini? Nipe mume mwingine!"

Shida yenyewe ni hii. Tangu jana mashine inanguruma vizuri, inatoa mvuke kama treni, lakini vikombe vya rafu ya juu vinatoka vichafu kuliko vilivyoingia. Na kesho Jumapili mjukuu wao anapata kipaimara, ukoo mzima unakuja kula. Gerlinde akaweka sharti: isipoosha kabla yadi ya vyuma chakavu haijafungwa saa nane mchana, inapakiwa kwenye tela ikatupwe, Jumatatu anaagiza mpya. Kusema "nitamalizia kesho" hakuna. Jumapili kwetu ukigonga hata msumari, mtaa mzima unatoa vichwa madirishani.

Eugen alifanya kazi kiwanda cha giaboksi mpaka akastaafu, na fundi hajawahi kumwita maishani. Anasema anayeita fundi leo, kesho ataita mtu wa kumfunga kamba za viatu. Skrubu anazitunza kwenye chupa za jamu, ndiyo maana mkewe hana pa kutia jamu. Mashine hiyo ameshaibadilisha pampu, mabomba, mpira wa mlango. Kilichobaki cha zamani ni yeye mwenyewe.

Na kwenye kupanga vyombo usimguse! Mkwe wake aliwahi kutia bakuli likiangalia juu. Mpaka leo anaitwa "yule wa bakuli."

"Chokaa hiyo," sauti ikatoka ndani ya mashine. "Maji ya mji huu ni mawe matupu. Gerlinde, umesahau kuongeza ile chumvi ya kulainisha maji."

"Chumvi imejaa. Fungua uone."

Akafungua. Imejaa.

Umeme alishachomoa, bomba alishafunga, maji yaliyobaki chini alishayateka kwa sponji. Akatoa chujio: safi. Akapapasa kwenye pampu, labda kipande cha glasi kimenasa: hamna. Ndipo akachomoa ule mkono wa juu unaorusha maji, akaupeleka dirishani. Matundu yote yamezibwa. Akachokoa moja kwa kijiti cha meno, kikaanguka kitu cha njano, kigumu.

Gerlinde akakiokota, akakinusa, akakisaga kwa kucha.

"Huu unga wa tambi."

Hapo mtu wa kwetu haulizi zaidi. Tambi zetu za mayai tunazikamulia wenyewe kwenye maji yanayochemka, na hata mtoto anajua kwamba kikamulio kinaoshwa hapohapo, kwa mkono, kwa maji baridi. Ukikitia kwenye mashine, maji ya moto yanaupika ule unga unakuwa saruji.

Eugen akageuka, uso umechangamka. "Kumbe ni wewe! Unamuua mgonjwa, halafu unataka kumzika!"

"Mimi? Mimi na kikamulio kwenye mashine? Mama yangu angefufuka anizabe kofi! Halafu wiki hii sijapika tambi mimi."

"Basi nani? Panya?"

Nikaitazama kahawa yangu. Alhamisi jioni Gerlinde alikwenda mazoezi ya kwaya, na Eugen akaniita juu. Alijifunga aproni, akakamua tambi mwenyewe, tukala na dengu na soseji, kisha vyombo vyote akavisukumia kwenye mashine. Nilirudia sahani. Yeye naye alikumbuka palepale, maana masikio yake yalianza kuwa mekundu.

Akarudi kwenye mashine. Akazibua matundu yote, akausuuza mkono kwa siki, akaufunga, akawasha. Tukasubiri. Saa nane haijafika, mlango ukafunguliwa, mvuke ukatupiga usoni. Gerlinde akachukua kikombe cha rafu ya juu, akakizungusha kwenye mwanga, akatafuta hata doa moja la kumfurahisha. Hakulipata.

"Haya, inabaki," akasema. "Nilishasema, sirudi nyuma."

Eugen akaanza kukusanya bisibisi zake kwa haraka kidogo.

"Ila, Eugen."

"Mm."

"Alhamisi nilipokuwa kwaya, nyie wazee wawili mlikula nini?"

Eugen akanitazama. Mimi nikatazama dari, dari nzuri sana ile. Akafunga sanduku la vifaa, akachukua ufagio nyuma ya mlango, akatoka kwenda kufagia ngazi. Kibao cha zamu ya kufagia wiki hiyo kilikuwa kinaning'inia mlangoni kwangu: zamu ilikuwa yangu, si yake.