Blanketi la Gidabuday

Gidabuday hakutaka dada yake aende Ulaya, na sababu aliyoitoa ilikuwa baridi. Alilirudia jambo hilo kila siku tangu mwaliko ulipofika. "Huko mkojo unaganda kabla haujafika chini," alimwambia Agripina mbele ya wake zake na watoto wote wa boma, "na wewe kifua chako si cha kuaminika." Kijiji kizima cha Balangdalalu kilicheka, maana Gidabuday mwenyewe alikuwa hajawahi kuvuka Singida. Agripina hakucheka. Aliona kaka anayemjali, na moyo wake ukalainika.

Hata siku ya safari, maneno yalipokwisha, kaka huyo alivua blanketi lake jekundu, lile zito analolala nalo malishoni, akamfunika dada yake mabegani. Sasa wewe, ukiwa na kaka wa namna hiyo, utamdhania ubaya gani?

Tena Agripina alikuwa na deni la shukrani kwake, kubwa kuliko blanketi. Mama yao alipofariki, Agripina alikuwa wodini akimuuguza mwanawe, hakuwahi maziko. Na mama alikuwa ameomba jambo moja tu, akamwomba yeye: nizikeni na sketi yangu ya ngozi. Kwa Wabarbaig, kabila lao, ile si nguo ya kubadilisha ukiichoka. Mwanamke huivaa akishaolewa, ngozi ya mbuzi iliyokatwa vipande vyembamba kama kamba za viatu, ikapakwa samli na kufikichwa mpaka ikatii. Ni heshima yake. Kuiuza ya mama yako, hata mlevi wa mnadani anajua hilo halifanyiki. Agripina aliporudi kutoka hospitali alikuta kaburi limeshafunikwa, akaanza kulia kuhusu ile ahadi, na Gidabuday akamnyamazisha. "Nimeiweka juu yake kwa mikono yangu hii," alisema. Toka siku hiyo Agripina akapata usingizi.

Aliyemwalika ni Eva, mzungu aliyewahi kukaa Katesh mwaka mzima akijifunza kazi ya ngozi kwenye kikundi cha akina mama, Agripina akiwamo, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kibarbaig hasa. Alifanya kazi katika jumba la makumbusho huko kwao. Alitaka Agripina akae wiki mbili, awaonyeshe watu jinsi ngozi inavyolainishwa, kisha arudi nyumbani kwake.

Basi akafika. Baridi ya kule kwao Nangwa mwezi wa saba, ile inayowatoa wazee machozi, Agripina aliikumbuka akaiona ni mchezo wa watoto. Theluji ilikuwa imelala juu ya magari na mapaa, na watu walipita wameinamisha vichwa bila kusalimiana, wazee kwa vijana, kila mtu na lake. Hilo lilimshangaza kuliko theluji. Eva alimletea koti na viatu vya manyoya, akavivaa, lakini juu ya koti akajifunga blanketi la kaka. Jioni akampigia simu kumwambia kwamba Mungu ambariki, isingekuwa blanketi lake wangekuwa wanazungumza mengine.

"Wamekuonyesha nini huko?" Gidabuday aliuliza.

"Bado. Kesho."

"Usizunguke sana, dada. Fundisha, urudi ukalale. Baridi."

Kesho yake Eva alimpeleka kwenye chumba cha nyuma cha lile jumba, wanakotengenezea vitu kabla ya kuvitoa kwa watu. Mlangoni alikaa mlinzi mzee. Katikati ya chumba palisimama sanamu la mwanamke lisilo na kichwa, na sanamu hilo lilikuwa limevaa sketi ya ngozi.

Agripina alisimama. Kisha akainamisha kichwa na kusalimia kwa lugha ya kwao, vile binti anavyomsalimia mama yake. Mlinzi alidhani ni yeye anayesalimiwa, akatabasamu na kupunga mkono. Eva naye alicheka kidogo, mpaka alipomwangalia usoni.

Upande wa kushoto, karibu na pindo, palikuwa na kiraka cha ngozi ya mwanambuzi, nyeusi na nyeupe. Agripina ndiye aliyesababisha kiraka kile. Alikuwa mtoto, akasukuma kuni vibaya, moto ukaruka na kuunguza sketi ya mama. Alingoja kipigo. Mama akashona kiraka akimwambia, "Hapa ndipo ulipo wewe. Nikitembea, tunatembea wote." Agripina aligusa kiraka kile kwa kidole. Kilikuwa kikavu, samli imekwisha kabisa.

"Imetoka wapi?" aliuliza.

Eva alisema jumba liliinunua kwa mfanyabiashara wa vitu vya kale, na mfanyabiashara huyo aliipata mnadani, huko huko kwao Hanang. Zaidi ya hapo hawakujua.

Agripina akatoa simu, akampigia kaka yake akiwa amesimama mbele ya ile sketi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba dada. Baridi inasemaje?"

"Kaka, mama ulimzika na nini?"

Ng'ombe walisikika nyuma yake.

"Na sketi yake. Si nilikuambia? Niliiweka kwa mikono yangu hii."

Hapo ndipo alipoumia. Kosa la kwanza, la kuiuza, angeweza kulitafutia sababu, kiangazi, njaa, ulevi, binadamu hakosi sababu. Lakini kudanganywa tena, wakati mkono wake uko juu ya kiraka! Akaelewa na ile huruma yote ya baridi ilikuwa ya nini: vitu vya mnadani huishia kwa wazungu, na kaka aliogopa asije akakutana nayo. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikuwa amekivaa mabegani toka Balangdalalu, tena akikiombea baraka. Alikata simu. Alilia kwa hasira, bila kujificha, na mlinzi akaangalia pembeni.

Alimwomba Eva sketi irudishwe kaburini. Eva, macho mekundu, alisema angeipigania, lakini uamuzi ulikuwa wa wakubwa na ungechukua muda.

"Wakae waamue," Agripina alisema. "Lakini mpaka waamue, watu wasimwangalie."

Akavua blanketi, akalifunga kwenye lile sanamu kuanzia mabegani mpaka chini, kama mtu anayemfunika mgonjwa. Wiki zake mbili alizimaliza akifundisha wanawake kufikicha ngozi, na kila asubuhi alipita kuhakikisha halijaondolewa. Nje alitembea na koti la Eva tu, na akakohoa sana.

Basi lilipomshusha Balangdalalu, Gidabuday alikuwa stendi akimngoja, fimbo mkononi. Alisimama vile mkubwa anavyosimama kungoja shikamoo. Haikuja. Watu waliokuwa karibu waligeuka kuangalia, kwa sababu jambo hilo kwao halipo.

"Umenikasirikia nini?" alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. Kisha akaongeza: "Na blanketi langu liko wapi?"

Agripina alibeba begi lake mwenyewe.

"Nimemfunika mama," alisema. "Nilimkuta yuko uchi."