Disketi Iliyokwenda Sigowet

Kila baba alipowasha kompyuta, nilisimama mlangoni nikisikiliza mkwaruzo wa disketi: krr, krr. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Kwa kitabu kisicho na jalada nilikuwa nimejifunza kuandika mistari michache ambayo mashine huisoma inapoamka, ili inakili nyimbo za baba kwenye disketi bila kuambiwa na mtu. Niliisahihisha mistari hiyo hata ilipokuwa haina kosa. Sikujua kutulia.

Baba, mwalimu mstaafu, aliandika nyimbo za Kipsigis alizoimbiwa na akina mama wazee wa kanisa letu. Baadhi yao tulikuwa tumeshawazika.

Nilikuwa na disketi mbili za kubadilishana. Moja ikapotea. Nilipekua nyumba nzima, nikashuku kila mtu.

Kisha alasiri moja ngurumo zikaanza, kama kawaida huku kwenye mashamba ya chai. Mama akafunika kioo cha ukutani kwa leso, akazima redio, akachomoa na waya wa kompyuta wakati baba anahifadhi nyimbo.

"Mama, ngoja!"

"Ningoje nini? Radi inangoja?"

Mvua ya mawe ilipokwisha, niliwasha. Krr, krr. Nikafurahi. Kumbe faili ya nyimbo ilikuwa imebaki tupu, na mistari yangu, kwa utiifu wote, ilikuwa imenakili utupu huo juu ya nyimbo zilizokuwa kwenye disketi.

Baba hakunigombeza. Alijaribu kuimba wimbo wa mama mmoja marehemu, akakwama ubeti wa pili. Afadhali angenichapa.

Jumapili, mama mmoja, mwalimu wa kwaya ya kule Sigowet, alimfuata baba nje ya kanisa.

"Mwalimu, kaseti yako imekataa redio yetu. Tumeisukuma hata na kisu."

"Kisu? Si nilikuambia umpelekee karani wa kiwanda cha chai azichape nyimbo kwenye karatasi?"

"Nyimbo si hukaa kwa kaseti?"

Kumbe baba ndiye aliyeitoa disketi yangu iliyopotea, akasahau! Nilimpokonya yule mama bila hata kumsalimia. Ilikuwa na alama ya kisu pembeni. Nyumbani ikasomeka, na ule wimbo ulikuwamo, beti zote.

Nikaandika mistari upya ili nakala mpya isikae juu ya ile ya zamani, na nikaamua disketi moja iende Sigowet kila Jumapili. Lakini kila Jumapili nilimuuliza yule mama:

"Hamkuiingiza kwa redio?"

"Iko ndani ya Biblia, mtoto. Tulia."

Nilimwomba anionyeshe.