Ukungu wa Rosina Hempel

Kazi ya Rosina Hempel ilikuwa kupaka anga. Kwenye karakana ya Bwana Nestler, hapa Dresden, kila mwanamke alikuwa na rangi zake: Tine miti, mimi Lisbeth Kunath miamba, na Rosina anga na maji. Picha zilitujia zikiwa mistari mitupu iliyochapwa kwa bamba la shaba, nasi tukazitia rangi huku tukipasiana mezani. Anga lilitangulia, ikafuata miamba yangu, kisha miti, halafu karatasi ikarudi kwa Rosina apake mto. Ukutani ulitundikwa mfano aliopaka Bwana Nestler mwenyewe, na kila karatasi ilitakiwa kufanana nao kama sahani za seti moja.

Wasafiri waliozinunua walikuwa wametoka kutembea kule juu ya mto Elbe, kwenye milima ya mawe. Sisi tulioipaka hatukuwahi kuiona. Miamba yangu niliipenda hata hivyo, na ole wako uiguse. Bwana Nestler alisema hakuna mkono unaopasua jiwe kama wangu, na mimi sikumbishia.

Rosina alikuwa mjane, mpole, mwenye vidole virefu na masikio yanayowaka kwa baridi. Kahawa aliyotuletea asubuhi ilikuwa nyepesi kiasi kwamba ua lililochorwa ndani ya kikombe, chini kabisa, ulilihesabu majani. Tulimtania, akacheka, kesho akaleta ileile. Mumewe, Gottlob, alikuwa akiteremsha magogo kutoka nchi ya Bohemia, yamefungwa pamoja yakaelea, naye juu yake na mti mrefu wa kuyaongoza mkononi. Vuli moja, miaka michache baada ya jeshi la Wafaransa kuondoka, magogo yalifumuka kwenye kona ya mto chini ya Mwamba wa Kunguru. Wenzake walifika nyumbani bila yeye. Mwili haukuopolewa, na Rosina hakwenda kupaona. Alisema miguu yake inakataa, nasi tukaacha kumuuliza.

Basi ikaja siku Bwana Nestler akaleta bamba jipya. Lilikuwa la Mwamba wa Kunguru, na chini yake kona ya mto, wazi kabisa.

Rosina alipaka anga. Nami nikapaka mwamba, tena niliupaka kwa moyo wote, maana ulikuwa mkubwa kuliko yote niliyowahi kupewa. Karatasi ya kwanza ikarudi kwake ili apake maji. Aliitazama sana. Halafu akachukua sifongo, akailowesha, akaanza kufuta kutoka mtoni kwenda juu, polepole, mpaka mto ukapotea, na nusu ya mwamba wangu ikayeyuka ikawa ukungu.

"Umeharibu mwamba wangu," nilimwambia.

"Sikuuharibu. Upo mle ndani."

"Nani atauona? Shoga, mimi nimeumiza macho juu ya mipasuko ile, wewe unaipiga deki kama sakafu."

"Lisbeth, siwezi kuyaacha maji yale uchi," alisema. "Nikiyaona, namwona. Niache niyafunike."

Nilikasirika, kisha nikaona haya, lakini sikumwomba radhi. Ndivyo nilivyo. Bwana Nestler alipoiona karatasi ile alisema msafiri hakulipia ukungu, msafiri anataka akumbuke siku ya jua, na kwamba Bi Hempel akirudia atamtafuta mwingine wa kukalia kiti chake cha dirishani. Akaitundika karatasi kwenye kioo cha mbele, wapita njia waone kazi mbovu inavyokuwa, nasi tujifunze.

Sasa, yafaa ujue mji wetu ulikuwaje siku zile. Ulikuwa umeingiwa na homa ya moyo. Vijana wa chuo, nywele mpaka mabegani, walizunguka makaburini wakitafuta huzuni kama wengine wanavyotafuta uyoga. Walisema mchoraji asipake kilicho mbele ya macho yake tu, apake na kilicho ndani yake, na kama ndani hamna kitu, basi aweke brashi chini. Walisema hayo kwenye keki na kahawa, mashavu yakiwa mekundu ya afya. Niliwacheka sana, na bado nawacheka, ila hilo walilosema sikulicheka, kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu na Rosina.

Mmoja wao alisimama mbele ya kioo chetu mpaka theluji ikamjaa kofiani. Kesho yake akaja na wenzake. Kabla ya juma kwisha, mfanyabiashara wa picha kutoka Berlin aliingia akataka karatasi za ukungu, nyingi kadiri tutakavyoweza.

Bwana Nestler aligeuka kama nguo inayogeuzwa ikashonwa upya. Alishusha mfano wake ukutani, akatundika wa Rosina. Akatuhutubia juu ya hisia. Kila karatasi iwe na hisia, alisema, na hisia hiyo ianzie hapa, kwenye bega hili la mwamba, iishie pale, na isizidi.

Tine aliweza. Mimi niliweza, nilijifunza kupaka mwamba wangu nusu, ingawa iliniuma. Aliyeshindwa ni Rosina. Ukungu wake wa pili ulikuwa mwembamba kuliko wa kwanza, na wa tatu ulikuwa umeshuka mpaka kiunoni mwa mwamba. Bwana Nestler alizirudisha karatasi zake moja baada ya nyingine, akisema hazifanani na mfano. Mfano wenyewe ni wa Rosina! Nilimnong'oneza aunakili tu, afunge macho ya moyo, anakili kama sisi. Alijaribu, nakwambia kweli, alijaribu mpaka jasho likamtoka wakati wa baridi. Alihitaji kile kiti. Hakuwa na kingine duniani.

"Ule ulikuwa wa siku ile," aliniambia. "Leo haupo wote."

Majira yakapita hivyo, na ukungu wake ukazidi kushuka. Nilianza kuzingojea karatasi zake kama mtu anayengojea habari za mgonjwa. Ulitoka kiunoni mwa mwamba ukafika miguuni. Ukalala juu ya maji tu. Ukapasuka katikati. Na asubuhi moja, barafu ya mto ikiwa imeshaondoka, alipaka kona yote ya mto, buluu na kijivu, maji yakimetameta, bila kufunika hata kidogo. Anga lilikuwa jeupe, safi. Niliangua kilio mezani, mimi niliyewacheka wanafunzi.

Bwana Nestler aliishika karatasi ile kwa ncha za vidole. "Bi Hempel, hii ni picha niliyokupa mwanzo kabisa. Hiyo hainunuliwi tena."

"Najua, Bwana Nestler."

"Jumatatu nataka ukungu. Usipoweza, usije."

Rosina aliosha brashi zake zote, hata ambazo hakuzitumia, akazipanga kwenye kikombe. Jumamosi alifunga mkate na jibini kwenye kitambaa, akaondoka kwa miguu kuufuata mto kwenda juu. Miguu yake ilikubali.

Jumatatu alikuja, lakini hakuvua shali. Kiti cha dirishani kilikuwa tayari na mtu. Viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi la mawe. Siku hizi anapaka vifuniko vya visanduku vya tumbaku nyumbani kwake, kila kimoja na anga lake, na hakuna viwili vinavyofanana. Kahawa yake ingali maji matupu, nami naenda kuinywa kila Jumapili. Asubuhi ile ya Jumatatu alikuja kuchukua kikombe chake, na kunitafuta mimi.

Nilimuuliza kama amefika, akasema amefika. Nilimuuliza maji yakoje. Akasema ni maji, yanapita, amekaa nayo mpaka akasikia njaa, akala mkate wake wote. Kisha akanishika mkono mbele ya wote, vidole vyangu vikiwa na rangi ya mawe.

"Mwamba wenyewe ni mdogo, Lisbeth," alisema. "Miaka hii yote nilidhani Gottlob amelala chini ya mwamba mkubwa kama ule wa kwako. Nimesimama pale nikautafuta wa kwako."