Mzee wa Kuuawa Ijumaa

Darasa la pili sikumaliza, lakini ghala langu la dagaa pale Kirumba nimelijenga mwenyewe, na mjinga sijawahi kuitwa. Hadi juzi. Nilimsikia binti yangu Minza akiongea na simu sebuleni: "Ijumaa kule kisiwani tunamuua yule mzee kwanza, halafu ghala lake ni letu."

Ijumaa ndiyo siku yangu ya kwenda kisiwani kununua dagaa! Nikapuliza filimbi ya sungusungu, majirani wakajaa na fimbo.

"Shikamooni," Minza akasema, akitugeuzia kioo cha simu. "Baba, ni gemu! Ijumaa wanaongeza kisiwa kipya, tunajipanga na wenzangu. Mzee mwenyewe huyu."

Kamanda wa sungusungu akamkagua yule mzee mwenye pembe, akanigeukia.

"Masanja, tumfunge kamba?"