Kiti cha Gadija

Moegsien Petersen aliifunga ile turbo, kidude cha kuiongezea injini nguvu, kwa mikono yake mwenyewe, uani kwake mtaa wa Mitchells Plain, bila kumwomba mtu hata amshikie tochi. Tangu mkewe azikwe alikuwa haombi mtu kitu. Majirani walimwona amelala chali chini ya gari lake la zamani, Golf nyekundu, miguu tu ikionekana, upepo ukimpulizia mchanga machoni, wakasema ni msiba tu, utapita. Wapi! Msiba ulikuwa umepata kazi ya kufanya.

Gadija ndiye aliyekuwa msaidizi wake. Tangu siku za uchumba wao, kila injini iliyofunguliwa katika ua ule, yeye ndiye aliyekaa kwenye usukani. Moegsien kichwa kimezama chini ya boneti, akipaza sauti, "Piga!" naye anazungusha ufunguo. "Achia!" naye anaachia. Alikuwa akija na kilemba chake kichwani na beseni la njegere za kumenya, maana aliijua vizuri "dakika moja" ya mumewe.

"Wewe ulioa gari," alikuwa akimwambia. "Mimi nilikuja kama spea."

Na Moegsien, mtu wa kelele, kila mara alimkaripia: "Achia, Dija! Utaniunguzia stata!" Miaka yote ile Gadija hakuunguza stata hata moja.

Alikuwa mfupi. Kiti alikivuta mbele mpaka tumbo likakaribia kugusa usukani, na kioo cha ndani akakiinamisha kimtazame yeye. Ndivyo vilivyobaki. Tangu afariki hakuna aliyekaa pale, hata mwenye gari. Turbo waliinunua pamoja, na Moegsien alimwahidi ataifunga. Ataifunga basi, gari litanguruma, ila kiti hakisogei. Hilo alikuwa amelikatia shauri moyoni.

Jumapili asubuhi kazi ikafika ukingoni, na hapo ndipo penye shida. Kufunga turbo, mtu mmoja anaweza. Kuiamsha ni kazi ya wawili. Kile kidude huzunguka kwa kasi ya ajabu, tena kikielea juu ya oili tu. Ukiwasha injini kabla oili haijakifikia, kinajisaga chenyewe na fedha yako imekwenda. Kwa hiyo unakata petroli ili injini isiwake, unalegeza bomba la mpira lililo chini ya turbo, mmoja anapiga stata, mwingine anachungulia mpaka aone oili inatoka.

Jirani yake Igshaan, fundi mwashi, akatokeza kichwa juu ya ukuta. Alikuwa na sahani ya koesisters, yale maandazi matamu ya Jumapili, bado za moto, zimenyunyiziwa nazi.

"Boeta Moegsien!" akamwita, kwa heshima ya kaka mkubwa. "Leo ndiyo leo? Niruke nikupigie stata?"

"Sihitaji. Nina dawa yangu."

"Dawa gani? Umeota mikono ya pweza?"

"Weka sahani hapo, Igshaan, ukamsaidie mkeo kukaanga."

Igshaan akacheka, akaiacha sahani juu ya ukuta.

Dawa yenyewe ilikuwa swichi ya kubonyeza, imeungwa kwa waya mrefu mpaka kwenye stata. Jamani, mtu yuko radhi kukesha akiunga nyaya kuliko kumwomba jirani dakika tano! Moegsien akajilaza chini, swichi mkono huu, tochi mkono ule, jicho kwenye mpira. Akabonyeza. Injini ikazunguka kivivu. Hakuna kitu. Akapumzika, akabonyeza tena, na safari hii tone la rangi ya asali likachungulia, likadondoka, likafuatwa na uzi mwembamba wa oili. Furaha ikamjaa kifuani.

"Achia, Dija!"

Stata ikaendelea.

"Achia basi! Utaniunguzia stata!"

Ikaendelea. Akangoja, amekasirika kidogo, kama alivyozoea kungoja. Ilipomfikia harufu ya waya unaoungua ndipo akageuza macho, akakiona kidole gumba chake mwenyewe kimeikandamiza swichi. Akaiachia. Ua ukawa kimya. Moegsien akalia palepale chini ya gari, oili ikimdondokea kwenye kola.

Igshaan alikuwa amesikia, na lile jina alikuwa amelisikia pia. Akaruka ukuta, akangoja mpaka mwenzake atoke na kujifuta uso.

"Stata imekwenda?"

"Imekwenda."

"Oili imefika?"

"Imefika."

"Basi tusukume sasa hivi, kabla haijashuka tena. Wewe shika usukani, Boeta. Gari lako unalijua wewe."

Wakaja wanaume watatu wa mtaani. Moegsien alikaza mpira, akarudisha petroli, kisha akasimama mlangoni mwa gari muda mrefu. Mwishowe akajipenyeza kwenye kiti kilivyo, magoti yakapanda hadi kwenye usukani.

"Boeta, mbona umekaa kama kuku anayetaga?" mmoja akapiga kelele huko nyuma. "Klachi utaikanyaga kwa pua? Sogeza kiti!"

"Nyamaza wewe," Igshaan akamwambia.

Moegsien akapeleka mkono chini, akanyanyua chuma cha kufungulia kiti. Kiti kikarudi nyuma jino kwa jino, tik, tik, tik.

Wakasukuma. Akaachia klachi kwenye gia ya pili, injini ikakohoa, ikashika, na mwisho wa barabara alipoinua mguu turbo ikatoa ule mluzi wake mkali wa hewa. Wanawake wakatoka na unga mikononi, wakashangilia. Naye akainua macho kwenye kioo awaone. Kioo, bado kimeinama vile alivyokiacha Gadija, kikamwonyesha viti vya nyuma, vitupu.

Aliporudi walimpiga mgongo, wakamsifu, wakatawanyika. Yeye akabaki ndani ya gari. Akakivuta kiti mbele, akirudishe kilipokuwa. Hapo pakawa karibu mno. Akakisukuma jino moja. Mbali. Akajaribu kukumbuka beseni la njegere lilikaaje, lilibakiza nafasi gani na usukani. Miaka yote ile hakuwahi kuangalia ni jino lipi.

Upande wa pili wa ukuta, Igshaan alikisikia kiti kikienda mbele, kikirudi nyuma, kikienda mbele tena, mpaka koesisters zikapoa.