Mlango wa Nyuma wa Nyumba ya Mwalimu

Nilipoacha useremala, goti langu la kulia lilikuwa limekataa ngazi kabisa. Kwa karibu miaka thelathini nilikuwa nimepanda mapaa ya wazungu huko Moiben na Soy, nikipigilia mabati huku upepo ukitaka kuning'oa, na mara nyingi kazi ilipokwisha niliruhusiwa kubeba vipande vya mbao vilivyobaki. Kwa vipande hivyo nilijenga nyumba yangu Eldoret, juu ya mteremko katika mtaa wa Waafrika: vyumba vitano, jiko la nje, na vidato sita vya mawe mbele. Watoto wetu wanane waliijaza. Kisha wakaondoka mmoja mmoja, tukabaki mimi na mke wangu, tukilala chumba kimoja na kufagia vinne. Kurudi kwetu magharibi hatukuweza. Ndugu zangu walikuwa wamegawana shamba kitambo, na sisi tulikuwa tumeshakuwa watu wa Sisibo, kama tulivyouita mji wa Eldoret siku zile.

Aliyeleta wazo la kubadilishana nyumba ni mwalimu mmoja wa shule ya misheni. Alikaa chini ya mteremko, karibu na mfereji wa maji ambapo wanawake wa mtaa waliteka, katika vyumba viwili na watoto saba. Alikuja Jumapili baada ya ibada pamoja na mke wake.

"Mzee," akasema, "nyumba yako ni kubwa na nyinyi ni wawili. Yangu ni ndogo na sisi ni tisa. Na kule chini hakuna vidato."

Kabla sijafungua mdomo, mke wangu akajibu, "Hilo ni jambo zuri."

Nikamgeukia. Tangu nimuoe, hakuwahi kumjibu mgeni kabla yangu. Mke wa mwalimu naye alikuwa anaangalia sakafu, kama mtu anayengoja hukumu. Hapo ndipo nilipoanza kushuku.

Siku iliyofuata jioni nilienda kuikagua nyumba ile na nyundo yangu ndogo. Nikagonga kila nguzo, nikachungulia paa. Nyumba ilikuwa nzima. Lakini katika chumba cha nyuma, chini ya kitanda, niliona duara la udongo mpya sakafuni, pana kama karai kubwa.

"Hapa kulikuwa na nini?"

Mwalimu akamwangalia mkewe.

"Panya," mama yule akasema.

"Ndiyo, panya," mwalimu akaitikia, kwa sauti ya mtu anayesikia habari hiyo kwa mara ya kwanza.

Sijaona panya anayechimba duara. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba pale pamezikwa kitu, labda dawa, labda maiti, na kwamba mimi sihami. Yeye akaendelea kuchambua mboga. Mvua za mwezi huo ndizo zilizonishinda. Asubuhi moja niliteleza kwenye vidato vyangu mwenyewe, nikakaa katika matope mpaka mke wangu akaja kuniinua. Juma hilo tulikwenda ofisi ya mji, karani akabadilisha majina kwenye vibali vya nyumba. Meza yangu kubwa ya mvule haikupita kwenye mlango mpya. Nikamwachia mwalimu, na siku ile niliona kama nimemwachia mkono wangu mmoja.

Jumamosi ya kwanza, saa kumi hivi, mtu mmoja mwenye vumbi la mbao kwenye nguo alikuja kwa mlango wa nyuma. Akagonga mara mbili, akanyamaza, akagonga tena mara moja.

"Mama iko?" akauliza.

"Mama yupi?"

Akaziangalia mvi zangu. "Nimepotea njia, Mzee," akasema, akaenda zake.

Jumamosi iliyofuata walikuja wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na wote waligonga vilevile. Wa pili alizunguka mpaka dirishani, nikamsikia akinong'ona, "Mama, kitu iko leo?" Na mke wangu akajibu kwa sauti ya chini, "Hakuna. Wacha kukuja hapa."

Hakushtuka, wala hakumwuliza anatafuta nini. Tangu siku hiyo sikuwa na amani. Nilianza kuangalia anakaa mfereji kwa muda gani. Naona aibu kuandika kwamba nilinusa leso yake, mwanamke wa miaka karibu sitini, mama wa watoto wangu.

Siku moja alipokwenda sokoni, nilikisogeza kitanda nikachukua jembe. Sikuchimba sana. Nilikuta jiwe bapa, na chini yake mdomo wa mtungi mkubwa, umezikwa mpaka shingoni. Pombe ilikuwa imekwisha, lakini harufu chachu ya busaa, ile pombe ya mahindi na wimbi, ilipanda mpaka machoni. Ndani mlikuwa na mirija mirefu ya kunywea, imefungwa kwa kamba ya katani.

Nilipoinua kichwa, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikapu.

"Sasa umeridhika?"

"Ulijua?"

"Wanawake wote wa mfereji walijua. Ni mwalimu peke yake hajui."

Akakaa kitandani akanieleza. Mke wa mwalimu alikuwa akipika busaa mumewe akiwa shuleni, miaka na miaka. Sasa mwalimu alikuwa anataka kuwa mhubiri, na mama yule alitaka kuacha. Lakini wanywaji hawakumwacha. Wengine walimbembeleza, wengine wakamtishia kwamba watamwambia mumewe.

"Mlango ukishajulikana haufungiki," mke wangu akasema. "Akaniomba nimsaidie apate mlango mwingine."

"Na mimi ukaniweka hapa niwe nini? Askari?"

"Nilikuleta hapa kwa sababu hakuna vidato. Hilo lingine liliongezeka tu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemwambia mwalimu. Wewe ukishuku kitu huwezi kulala nacho."

Alisema kweli. Kilichoniuma ni kujua kwamba miaka hiyo yote alikuwa amejifunza kunificha mambo kama mtu anavyomficha mtoto kisu. Niliuvunja mtungi, nikajaza shimo kwa kokoto nikashindilia. Yeye akaleta udongo na samadi akasiriba juu, tukiwa tumepiga magoti pamoja, mimi kwa goti moja.

Baada ya hapo, kila Jumamosi niliweka kiti changu kwenye mlango wa nyuma.

"Mzee, kitu iko?"

"Iko maombi. Ingia."

Hakuna aliyeingia. Kabla mahindi hayajavunwa walikuwa wameacha kuja.

Mwalimu alikuja kutujulia hali siku za baridi, wakati huo ameshaanza kuhubiri. Tukampa chai. Akasifu sakafu yetu, akauliza habari za goti, kisha akasema, bila kuniangalia, "Na wageni, Mzee? Hawakusumbui?"

"Wageni gani?"

Alikoroga chai yake kwa muda mrefu, ingawa sukari ilikuwa imeshayeyuka.

"Hata mimi sijui," akasema. "Nimeuliza tu."

Nilimtazama usoni, na mpaka leo sijui kama alijua. Mke wangu akainua birika, akamwongezea chai.