Baba na Sanamu za Wagiriki

Marafiki, leo nimemkana baba yangu mzazi.

Mzee amekuja kunitembelea hapa Springfield, Marekani. Kwetu Kisii yeye ni mchongaji wa mawe, kwa hivyo nikampeleka mjini kwenye makumbusho, aone sanamu za kale za Wagiriki.

Alifurahi, jamani! Sanamu moja aliizunguka mara tatu.

Kisha akanyoosha mkono, akaupapasa mguu wa sanamu hiyo.

"Usiguse!" mlinzi akafoka kwa Kiingereza. Ukumbi mzima ukageuka.

Baba Kiingereza hakimwingii sana. Akabaki anatabasamu, mkono bado uko kwenye jiwe.

Mlinzi akaniuliza, "Mko pamoja?"

Nikatikisa kichwa. Hapana.

Sijui roho hiyo niliitoa wapi.

Kwenye gari baba akauliza, "Yule askari alikuambia nini, mama?"

"Aliniuliza saa," nikasema.

Uongo juu ya uongo.

Sasa yuko sebuleni, anamwambia Mama kwa simu kwamba aliyechonga mguu ule alijua mishipa inapita wapi. Na kwamba binti yake amemtembeza vizuri sana.

Nimesimama jikoni na kikombe chake cha chai. Lazima nimwambie.

Nyinyi mngeanzia wapi?